Mlezi wa Kivuli cha Profesa

1

Kila siku ya kazi naanza kwa kumsikiliza mtu ambaye hayupo chumbani, halafu naweka kidole gumba kwenye skrini kuthibitisha kwamba ndiye mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi niliyobakiziwa baada ya kuisomea famakolojia mpaka nikaota mvi. Mlangoni wameandika Mlezi wa Kivuli. Chini yake bado unaweza kusoma Mhadhiri Mwandamizi, kwa sababu aliyetumwa kukwangua rangi alikwangua harakaharaka, na mimi sikumwambia arudie.

Kivuli ninachokilea ni cha Profesa Elirehema Nderingo. Profesa mwenyewe yu hai. Anaishi nyumba za juu, nyuma ya maktaba, kiharusi kimemlaza upande mmoja na ulimi umekuwa mzito. Kivuli chake hakijui kiharusi. Kinasimama ukutani na koti lake la kahawia, kinatania, kinajikuna sikio kama alivyokuwa akijikuna, kinafundisha vyuo vyote vya tiba vya kanda hii kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akihitimu anaondoka nacho. Anapewa kidude kidogo kama punje ya hindi, anakitia sikioni, na huko kijijini alikopangiwa anaweza kukiuliza jambo katikati ya kazi kama vile Profesa kasimama nyuma ya bega lake. Wazazi wanauza mbuzi ili watoto wao waje kwetu wapate sikio la Nderingo.

Sheria ya Vivuli ina mambo mengi, lakini wanasheria wakishamaliza kuizungusha inabaki moja: kivuli hakiongezi. Vile vya mwanzo vilichanganywa na kila kitu kilichookotwa mitandaoni, na kimoja, cha mzee wa botania mtu wa watu kabisa, kikaanza kugawa dawa za mapenzi hewani. Nchi ilicheka wiki nzima, halafu Bunge likanuna. Tangu hapo kivuli husema yale tu ambayo mwenyewe aliyasema hadharani, ukumbini, mbele ya mashine ya kurekodi. Pembeni ya skrini yangu kuna mshale wa uaminifu. Nikimtia Profesa mdomoni hata neno moja ambalo hakulisema, mshale unashuka, na Ndaki nzima, yaani chuo chetu cha tiba, inajua kabla sijainua mkono.

Wenzangu nao wamepangiwa. Ndimbo, aliyekuwa anafundisha fiziolojia kwa ufundi wa mtu anayekuchorea ramani ya nyumbani kwao, sasa ni Msikilizaji: anakaa chumbani na boksi la karatasi laini, wanafunzi waje walie. Anasema hawalii, wanakuja kupiga usingizi. Mwingine anatembeza wageni kwenye maabara zilizofungwa. Waliokataa kupangiwa walimwaga unga na habari zao zikaishia hapo. Na wahadhiri wasaidizi, wale vijana wetu wa kuendesha semina, waliondolewa wote muhula uleule kivuli kilipowashwa, na hakuna aliyejisumbua kuuliza walikuwa wanafanya nini hasa. Tuliletewa mama mmoja nadhifu wa kutufundisha kuyakubali majukumu mapya. Alituambia msomi wa leo si chemchemi tena, ni bomba. Tukapiga makofi, tukala sambusa. Nilirudi nyumbani nimefura, nikamfokea mume wangu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Asubuhi ninayoisimulia, kivuli kilikuwa kinafundisha degedege za watoto, mimi nasikiliza kwa sikio moja, simu ikaita. Alikuwa Nyamizi Lushinge. Nilimfundisha mwaka wake wa kwanza, wakati bado nafundisha. Iliyobaki alifundishwa na kivuli. Sasa ni tabibu kituo cha afya cha Ng'wandulu, mbali kule lami inakoisha. Akaniamkia, nikaitikia.

Alinieleza polepole kama anayesoma. Aliletewa mtoto anayetikisika kwa degedege. Akampa sindano ya senzolamu kama alivyofundishwa, degedege ikakata, na pumzi ya mtoto nayo ikakata. Kituoni hakuna oksijeni ya maana. Alimpulizia kwa mdomo mpaka mama wa mtoto akamvuta akamtoa. Huyo alikuwa wa tatu tangu apangiwe kule. Wale wawili wa kwanza alijiambia ni malaria, na wazazi wakamshukuru, wakaenda kuzika. Safari hii baba wa mtoto hakushukuru, alikwenda polisi. Daktari wa wilaya akapima, akakuta dawa imezidi, akaandika kwamba tabibu hakufuata mafunzo. Kesho yake Nyamizi angesimama mbele ya Baraza la Nidhamu, na polisi walikuwa wanangoja tu neno la Baraza wamfungulie kesi ya kuua.

"Dokta," akasema, "mimi sikupigii unitetee. Niambie tu nimekosea wapi. Nikijua, nitaweza hata kufungwa."

Nikamuuliza alitoa kiasi gani. Akanijibu kwa wimbo uleule ambao kila mwanafunzi wetu anaujua, ambao mimi mwenyewe niliuimba nikiwa na umri wake: kilo kumi, mililita moja, mtoto katulia.

Nikamwambia nitampigia baadaye. Nikarudisha nyuma somo la asubuhi ile, nikasikiliza kwa masikio yote mawili safari hii. Kivuli kiliinua kidole, kikatabasamu, kikasema: kilo kumi, mililita moja, mtoto katulia. Mshale wa uaminifu ulikuwa juu kabisa. Na chini yake kulikuwa na alama ya kidole gumba changu, ya muhula ule na ya kila muhula uliotangulia.

2

Senzolamu ni dawa nzuri, na sisemi hivyo kwa kuipamba. Zamani ilikuja kwenye chupa nyepesi, na kwa chupa ile wimbo wa Profesa ulikuwa sahihi. Baadaye viwanda vikabadilisha, chupa mpya ikawa na nguvu maradufu, kwa hiyo mtoto wa kilo kumi anatakiwa nusu mililita tu. Ukimpa nzima, kuna watakaosinzia siku nzima na kuamka, na kuna watakaosahau kuvuta pumzi. Lebo ya chupa inaeleza, ndiyo, lakini kwa miligramu na kwa maandishi ya sisimizi, na hakuna tabibu anayepiga hesabu ya kugawanya huku mtoto anatikisika mezani na mama anapiga yowe, wakati sauti ya Nderingo iko sikioni inampa jibu.

Profesa hakubadilisha wimbo. Hakuwa mzembe, alikuwa ameacha kushika sindano siku nyingi, na ule wimbo ulikuwa wake, darasa zima lilikuwa linausubiri. Nasi sote idarani tulijua. Lakini kwetu humsahihishi profesa mbele ya wanafunzi, na humfuati ofisini kumsahihisha, wewe nani? Kulikuwa na njia yake. Akishatoka ukumbini, wanafunzi wanagawanywa kwenye semina, na mhadhiri msaidizi anafunga mlango, anasema: jamani, Profesa alikuwa anazungumzia chupa za zamani, nyinyi gawanyeni kwa mbili. Wanacheka, wanakata, wanaandika upya. Msaidizi mpya akiajiriwa, tunamnong'oneza kwenye chai orodha ya mambo ya kurekebisha. Nilinong'onezwa, nikanong'oneza wengine. Ilikuwa heshima, na tuliiona nzuri.

Semina hazikurekodiwa. Ukumbini tu ndiko kulikokuwa na mashine. Kivuli kilijifunza kila neno Profesa alilosema kwa sauti, na hakikujifunza hata moja kati ya yale tuliyoyasema baada yake. Na mimi niliyewekwa kukisikiliza, nilikuwa nausikia ule wimbo na kichwa changu kinagawanya kwa mbili chenyewe, bila hata kunitaarifu, halafu naweka kidole. Nilipoelewa hivyo nilishika kingo za meza.

Nikaenda kwa Rasi wa Ndaki, Profesa Mkongea. Alinisikiliza akiwa amesimama, akafunga mlango, akaketi. Naye alipitia usaidizi idara yetu, kwa hiyo sikuhitaji kumweleza habari za chupa. Hakujifanya kushangaa, hilo nampa. Alisugua macho, halafu akaanza kuongea kwa upole kama anayemliwaza mfiwa.

Alisema anayo mamlaka ya kuusimamisha mshale kwa dakika chache, kwa kisingizio cha matengenezo. Mimi nina kidole. Tungeingiza nusu mililita ndani ya sauti ya Profesa, kwa lafudhi yake na tabasamu lake, na kabla ya chakula cha mchana kila sikio katika kanda lingekuwa linasema sawa. Hakuna mtu angeaibika. Tume ya Vivuli isingejua lolote, kwa sababu ikijua kivuli kimefundisha sumu, itakizima, Ndaki itafungwa, na Profesa mwenyewe, anayetunzwa na mapato ya kivuli chake, muuguzi, dawa, nyumba, atatolewa na godoro lake.

Nikauliza kuhusu Nyamizi. Akasema huyo binti tutamtafutia namna. Nikamwambia namna gani, maana kivuli kikisharekebishwa kitakuwa kimesema nusu mililita siku zote, na yeye atabaki peke yake na mililita yake nzima. Nakala ya sauti haipokelewi kama ushahidi popote tangu watu walipoanza kughushiana sauti. Shahidi wa aliyosema Profesa ni kivuli chenyewe, basi. Nikamuuliza pia kuhusu waliokwisha kuhitimu, ambao wimbo wameshaushika kichwani na hawaulizi tena sikio. Akasema watasikia siku wakiuliza.

"Tusekile," akasema, "waliokufa wameshakufa. Wa leo jioni unaweza kumwokoa sasa hivi, hapa, kabla chai yangu haijapoa. Ukingoja kesho ili umwokoe msichana mmoja, na leo usiku mtoto akadungwa, huyo mtoto atakuwa wako. Uko tayari kumbeba?"

Mpaka leo sitaki mtu anayenipa jibu rahisi. Alikuwa anasema kweli yule mtu, na kweli yake ilikuwa imefungwa pamoja na uongo wake kwa kamba moja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Nikamwambia nataka kwanza kumwona Profesa. Akaniambia nisiende kumuua mzee wa watu.

3

Mama Ndeshi, mke wa Profesa, alinipokea kwa bashasha, akaniwekea chai ya tangawizi na kunilaumu kwa kupotea. Profesa alikuwa barazani kwenye kiti cha magurudumu, shuka magotini. Amekonda. Inashangaza kusema hivi, lakini kwa sisi tunaoshinda na kivuli, yeye ndiye alionekana kama nakala iliyofifia. Nikamwamkia, akaitikia, akaninyooshea mkono wa kushoto ule mzima.

Nilikuwa nimejiandaa kuuma na kupuliza. Nilipoketi karibu naye nikaona sina nguvu za kuzunguka, nikamwambia yote moja kwa moja: chupa, wimbo, semina, kivuli, Nyamizi, watoto watatu wa Ng'wandulu ambao majina yao siyajui. Mama Ndeshi aliweka birika chini katikati ya maneno yangu, akabaki ameinama.

Profesa aliuliza chupa zilibadilika lini. Nikamwambia. Akafumba macho, na nikaona midomo yake inahesabu, si hesabu ya dawa, ni ya miaka; alikuwa anahesabu madarasa. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande mzima. Alipofumbua alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona katika maisha yangu yote ya kuwa mwanafunzi wake.

"Mlijua," akasema, kwa ule ulimi mzito. "Wote."

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Nikasema ilikuwa heshima. Nilipolitamka lilisikika la kijinga, lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Mliniacha nitembee uchi mbele ya watoto," akasema. "Mnanicheka semina. Hiyo mnaita heshima."

Mama Ndeshi alianza kulia. Alinisihi, na sikuona ubaya wake hata kidogo. Alisema mume wake hana kitu kingine, kwamba hata muuguzi aliyemwogesha asubuhi ile analipwa na kile kivuli, kwamba mtu amefundisha maisha yake yote na wanataka kumzika angali anapumua na jina la muuaji. Alisema kama kuna njia ya kimyakimya, kwa nini isiwe hiyo? Mungu gani angekataa?

Mimi nikamgeukia Profesa, nikafanya kile nilichofunzwa na Ndaki kukifanya. Nikamwomba ruhusa. Nikasema, Profesa, ukiniruhusu kesho niseme, nitasema, usiporuhusu, sitasema.

Alipiga mkono wa kiti kwa kiganja. "Usiniulize mimi! Ukiniomba ruhusa ndiyo yaleyale. Yaleyale, Tusekile." Halafu pumzi ikamwishia, akageuza uso kwenye ukuta, na Mama Ndeshi akaniambia niondoke.

Nikaondoka na uamuzi wangu mwenyewe, mzito kama gunia, hakuna wa kunishika upande wa pili. Niliamua kukiacha kivuli kama kilivyo mpaka kesho. Niandikieni hivyo. Nilijua maana yake.

Nikakaa ofisini mchana kutwa napiga simu. Kila kituo ambacho namba yake niliipata, nilikipigia, nikawaambia matabibu: nusu mililita, chupa mpya ni nusu. Wengine walinishukuru. Wengi walisema ngoja kwanza, nikasikia kimya kidogo, wanauliza sikio, halafu wanarudi kwa adabu: "Dokta, Profesa anasema mililita moja." Nikawaambia Profesa amekosea. Nilisikia kabisa jinsi neno lile lilivyowaudhi. Kijana mmoja wa kituo cha Ibelambasi, Kulwa, ambaye alisoma darasa moja na Nyamizi, aliniambia kwa upole kwamba anaelewa wahadhiri wa zamani tuna machungu na vivuli, lakini tusiyaingize kwenye tiba. Akasema kesho atakuja Barazani kusimama na mwenzake. Nikamwambia basi leo kwa ajili yangu toa nusu. Akasema atafikiria.

Rasi alinipigia mara kadhaa jioni ile. Sikupokea.

4

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wa mkoa, wenye viti vya plastiki na feni moja inayolalamika. Wajumbe watano mezani, mwenyekiti akiwa mama Kokusima, jaji mstaafu, mtu wa maneno machache. Nyamizi alikaa mbele peke yake, amevaa koti lake jeupe lililopigwa pasi vizuri mno. Baba wa mtoto alikuwa upande wa kulia, kofia mapajani. Nyuma walijaa matabibu waliotoka vituo mbalimbali kumsindikiza mwenzao, kila mmoja na punje yake sikioni. Rasi Mkongea alikaa mstari wa pili, akanitazama nilipoingia, akatikisa kichwa kidogo, bado ananisihi.

Tabibu aliyeshtakiwa ana haki ya kumwita mwalimu wake. Nyamizi alimwita Profesa Nderingo. Kwa sheria, kazi yangu ilikuwa kuweka kidole gumba kwenye skrini ya ukumbi, kivuli kifunguke, nikae chini. Nikaweka kidole. Profesa akatokea ukutani na koti lake la kahawia, akalisalimu Baraza kwa utani mdogo kuhusu majaji na joto, na hata wajumbe wakatabasamu. Yule baba hakutabasamu.

Mwenyekiti akakiuliza mtoto wa kilo kumi mwenye degedege apewe senzolamu kiasi gani. Kivuli kikaimba wimbo wake. Mjumbe mmoja, daktari, akaitikia kwa kichwa na kuandika. Nikaona kinachokuja: wangesema mafunzo ni mililita moja, dawa ilikutwa imezidi, basi msichana alipima vibaya. Mwenyekiti akaanza kumgeukia Nyamizi.

Nikasimama. Sikuwa nimeitwa. Sikulitazama Baraza, nilitazama ukutani, kwa sababu niliona ni yeye anayestahili kuambiwa kwanza.

"Profesa," nikasema, "hapo umekosea."

Ukumbi ulishtuka kama nimetukana. Kivuli kilinitazama. Kikajikuna sikio, kikatabasamu lile tabasamu pana la mwisho wa mhadhara.

"Nashukuru sana, Dokta Tusekile," kikasema. "Kama alivyosema mwenzangu, kilo kumi, mililita moja."

Nikarudia. Nikasema chupa zilibadilika, kipimo ni nusu, umekosea, Profesa, watoto wamekufa. Kikanishukuru tena. Kikasema ni mchango mzuri. Ndipo nikaelewa kwamba sibishani na mtu. Katika saa zote zile za kurekodi, ukumbi baada ya ukumbi, mwaka baada ya mwaka, hakuna aliyewahi kumwambia Nderingo neno hilo hadharani, kwa hiyo hapakuwa na sura ya kuonyesha wala jibu la kujibu. Hasira ile ya jana nyumbani kwake, machozi ya jicho moja, kupiga kiti kwa kiganja, hayo yalikuwa ya Profesa, na kivuli hakikuwa nayo.

Nikaligeukia Baraza, nikasema yote. Nilieleza semina, na chai, na jinsi sote tulivyojua, na nikalitaja jina langu kati ya waliojua, na la Rasi, ambaye aliinamisha kichwa na hakukanusha. Nikasema jana asubuhi ningeweza kukirekebisha kivuli na sikukirekebisha, ili leo kisikike hapa. Mwenyekiti aliomba aletewe chupa ya senzolamu. Akavaa miwani, akasoma lebo taratibu, akamsogezea yule daktari mjumbe, wakapiga hesabu kwenye pembe ya karatasi. Daktari alipiga mara mbili, akaweka kalamu chini.

Mwenyekiti akavua miwani. Alimwangalia Nyamizi, akapita juu ya kichwa chake, akawatazama matabibu waliokaa nyuma.

"Hakuna atakayeadhibiwa kwa kujibu," akasema. "Nataka kujua tu. Kati yenu, nani amewahi kumpa mtoto dawa hii kwa kipimo hiki?"

Feni ikalalamika. Nyamizi akageuka kwenye kiti chake, akawatazama wenzake, na uso wake haukuwa wa kushtaki, ulikuwa wa mtu anayeomba asiwe peke yake. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akainua mkono. Kijana wa pembeni yake akainua, mkono mwingine ameziba mdomo. Kisha mwingine, na mwingine, na mikono ikaanza kupanda kutoka kila upande wa ukumbi, mingine imenyooka, mingine nusu tu, kama inayoogopa kufika juu. Yule baba wa mtoto alisimama kuitazama, kofia ikamwanguka.

Kijana mmoja hakuinua mkono tu, alisimama. Uso wake sikuukumbuka, lakini alipofungua mdomo niliijua sauti.

"Hata jana jioni, baada ya simu yako," Kulwa akasema, akinitazama mimi. Hakuweza kuendelea.

Ukutani kivuli nacho kilikuwa kimeona mikono. Kilizungusha macho ukumbi mzima, mbele mpaka nyuma, uso umekunjuka kwa furaha.

"Vizuri sana," kikasema kwa sauti ya mzee wangu. "Naona darasa limeelewa."